Kurudisha mishale nyuma si kutengeneza saa

Naomba nianze makala haya kwa kukiri kosa. Mwaka 1996, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili viungani mwa mji wa Eldoret, niliwanyang'anya wanafunzi wangu dakika nane za mtihani. Sikukusudia. Mkononi nilivaa saa ya kutia ufunguo niliyorithi kwa marehemu baba, saa nzuri yenye uso mweupe na mishale ya buluu, na kasoro yake ilikuwa moja tu: ilikuwa ikikimbia. Kila siku ilitangulia kwa dakika nne. Nami, kama watu wengi wenye saa za aina hiyo, nilikuwa nimejizoesha dawa rahisi. Kila asubuhi, milio ya saa moja iliposikika redioni kabla ya taarifa ya habari, niliirudisha mishale nyuma kwa dakika nne, kisha nikaenda kazini nikijiona mtu anayekwenda na wakati.

Juma hilo betri za redio yangu ziliisha, na mshahara ulikuwa bado. Mishale niliirudisha mara ya mwisho Jumanne asubuhi. Alhamisi ilipofika, siku ya karatasi ya pili ya hisabati katika mtihani wa majaribio, saa yangu ilikuwa mbele kwa dakika nane na ushei, nami nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba nina saa mgonjwa. Mtihani ulianza saa mbili asubuhi kwa kengele ya shule, iliyogongwa kwa kufuata saa ya ofisini. Ulipaswa kumalizika saa nne na nusu kwa kengele hiyo hiyo. Lakini mshale wangu ulipofika nne na nusu na kengele isilie, nilidhani mpiga kengele amechelewa kama ilivyokuwa desturi yake, nikaamuru karatasi zikusanywe.

Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono. "Mwalimu, kengele bado," akasema. Nikamjibu kwa ukali wa ujana, "Saa haidanganyi. Weka kalamu chini." Akaiweka.

Nilipotoka nje na bunda la karatasi kwapani, niliona vyumba vyote vingine bado vimetulia, wanafunzi wameinama. Nilisimama kwenye ujia. Ningaliweza kurudi, nikazigawa upya zile karatasi na kuomba radhi, muda ulikuwapo. Haya ilinizuia. Nilibaki pale hadi kengele ilipolia, na jioni nilipoanza kusahihisha nikaikuta karatasi ya yule msichana. Swali la mwisho alikuwa amelianza vyema. Mstari wake wa mwisho uliishia kwenye alama ya usawa, na baada ya alama hiyo hapakuwa na kitu.

Jumamosi niliipeleka saa kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na meza yake kibarazani, kando ya barabara iendayo Uganda. Nilimwambia, "Mzee, tafadhali nisogezee hiyo mashine kidogo ipunguze mbio. Nitaisubiri." Aliipokea, akaiweka sikioni, akaifungua kifuniko cha nyuma na kuitazama kwa kioo chake cha jicho. Kisha aliniuliza swali ambalo hadi leo sijalisahau: "Mwalimu, saa hii hulala wapi?"

Nilimjibu kwamba huiweka juu ya redio, ili asubuhi nisihangaike kuitafuta milio inapolia. Mzee hakucheka. Alitoa dira ndogo mtotoni mwa meza, akaisogeza saa karibu nayo, na sindano ya dira ikaanza kutikisika. Ndani ya kipaza sauti cha redio, kama wajuavyo wanafunzi wa fizikia, mna sumaku yenye nguvu. Basi redio ile iliyonisaidia kuirekebisha saa kila asubuhi, ndiyo iliyokuwa ikiiharibu kila usiku.

Wasomaji wangu wapenzi, hasa walimu na wanafunzi, niruhusuni nieleze kidogo jinsi hayo yalivyotokea, kwa maana hoja yangu yote imekaa ndani ya maelezo hayo. Moyoni mwa saa ya kutia ufunguo mna kamani mbili. Ya kwanza ni kamani kubwa, ile tunayoikaza kwa kutia ufunguo, nayo ndiyo chakula cha saa. Ya pili ni nyembamba kama unywele, iliyojiviringa mithili ya jongoo aliyeguswa, nayo imefungwa kwenye gurudumu dogo ambalo tuliite gurudumu la mizani. Gurudumu hilo huyumba huku na huku bila kukoma. Kila likienda, kamani hulivuta lirudi, na kila mwyumbo huruhusu magurudumu mengine yasogee hatua moja. Huo ndio mlio tunaousikia tukiweka saa sikioni. Mholanzi Christiaan Huygens aliitangaza kamani hiyo mwaka 1675, na Mwingereza Robert Hooke, yule yule ambaye kanuni yake ya kamani hufundishwa shuleni, akadai kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuibuni.

Saa nyingi za mkono za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa kila sekunde. Upesi wa mapigo hayo hutegemea mambo mawili: uzito wa gurudumu na jinsi ulivyotandazwa, pamoja na ugumu wa kamani. Kamani ikiwa ndefu huwa laini, nalo gurudumu huyumba taratibu. Ikiwa fupi huwa ngumu, nalo gurudumu hurudishwa upesi. Sasa, mizunguko ya kamani hiyo nyembamba inapoingiwa na sumaku, hunasana. Sehemu iliyonasana huwa kana kwamba haipo, kamani hufanya kazi kama iliyokatwa, na saa huanza kukimbia. Hakuna jino lililovunjika wala skrubu iliyolegea. Saa iko nzima, tena yachapa kazi kwa bidii kuliko zamani, na kila inachosema ni uongo.

Fundi yule hakuanza kwa kugusa kijiti cha kurekebishia mwendo, ambacho ndicho nilichomwomba akisogeze. Alipitisha saa katikati ya koili ya waya wa shaba iliyotiwa umeme wa mkondo geu, akaivuta nje polepole hadi urefu wa mkono kabla ya kuzima. Nilipomuuliza kwa nini asisogeze tu kijiti tukamaliza, alinieleza kwamba kijiti hicho hubana kamani mahali fulani ili kuirefusha au kuifupisha. Kukisogeza wakati kamani ina sumaku ni kuongeza kosa la pili ili lifiche la kwanza. Saa ingeonekana imepona. Lakini siku sumaku itakapopungua, ingeanza kuchelewa, na fundi mwingine angekisogeza kijiti upande wa pili, na mwingine tena, hadi hapo ambapo hapana ajuaye ugonjwa ulianzia wapi.

Aliiweka saa kwake kwa siku saba. Mimi niliyedhani ni kazi ya nusu saa nililalamika, naye akanijibu kwamba mwendo wa siku hupimwa kwa siku. Aliilaza kifudifudi siku moja, akailaza chali siku nyingine, akaisimamisha kwa ubavu siku ya tatu, kwa kuwa saa ile ile huweza kwenda tofauti kulingana na jinsi ilivyokaa. Sumaku ilipoondoka, kasoro ilishuka kutoka dakika nne hadi chini ya dakika moja kwa siku. Hapo ndipo alipokigusa kijiti, tena kwa kiasi cha upana wa unywele.

Naona baadhi yenu mkijiuliza dakika nne kwa siku ni kitu gani hata tukazifanyia hotuba. Tuhesabu pamoja. Siku ina sekunde 86,400. Dakika nne ni sekunde 240. Gawanya, utapata kwamba saa yangu ilikosea kwa sehemu moja katika 360. Ni kama kusema kwamba mahali pa mapigo 18,000 kwa saa, ilipiga 18,050. Mapigo hamsini ya ziada katika elfu kumi na nane! Na kwa kuwa muda wa mwyumbo hufuata mzizi wa pili wa urefu wa kamani, kosa la sehemu moja katika 360 hutokana na ufupi wa sehemu moja tu katika 180. Tukichukua mfano wa kamani yenye urefu wa milimita 90, kilichopotea ni nusu milimita.

Nusu milimita! Lakini hebu tuipeleke saa hiyo mahali ambapo wakaazi wa Eldoret wanapajua vyema. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge, ambaye kwa miaka mingi amefanyia mazoezi yake Kaptagat, mwendo mfupi kutoka mjini kwetu, alikimbia kilomita 42.195 kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini ulimwengu ulishangilia kwa sababu hapana mwanadamu aliyewahi kuuvuka mpaka wa saa mbili. Muda huo ni sekunde 7,180. Sehemu moja katika 360 ya sekunde hizo ni takriban 20. Lau aliyeshika muda siku ile angaliivaa saa yangu ya mwaka 1996, angalisoma saa mbili kamili. Mwanariadha angekuwa amekimbia vile vile, miguu ile ile, jasho lile lile. Lakini watu wangerudi makwao wakisema amejaribu, hakufaulu.

Ndivyo nilivyomfanyia msichana wa dirishani. Nilimpima kwa kipimo kibovu, kisha nikamwambia upungufu ni wake.

Mfano mwingine ni wa mabaharia. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa siku, maana yake ni uzi mmoja kwa kila dakika nne. Nahodha anayetafuta mahali alipo kwa kulinganisha jua na saa aliyoibeba kutoka bandarini, saa hiyo ikitangulia dakika nne, atadhani yupo uzi mmoja magharibi zaidi ya alipo. Hapa petu karibu na ikweta uzi mmoja ni takriban kilomita 111. Mtu aliyesimama Eldoret akiwa na saa yangu isiyorekebishwa kwa siku moja tu, angefanya hesabu zake zote kwa usahihi na kugundua kwamba yupo Malaba, mpakani na Uganda. Ndiyo maana John Harrison, seremala wa Uingereza, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika karne ya 18 akiunda saa ya baharini isiyokosea. Kwa saa za kawaida za zama zile, merikebu zilipotea na watu wakafa maji.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo hata watu waliosoma huyachanganya. Kuna saa iliyo mbele, na kuna saa inayokimbia. Hayo si mamoja. Saa zetu zote nchini Kenya hufuata wakati uliowekwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Eldoret ipo kwenye nyuzi 35 na kitu. Kwa sababu hiyo jua la utosi hapa kwetu, kwa wastani, hufika yapata saa sita na dakika 39. Kwa maneno mengine, kila saa iliyo sahihi mjini Eldoret iko mbele ya jua kwa karibu dakika arobaini, na hapana anayedhurika, kwa kuwa ni mapatano ya wote na tofauti yenyewe haiongezeki. Saa inayokimbia ni jambo jingine. Leo imetangulia dakika nne, kesho nane, keshokutwa kumi na mbili, na kila siku inajitenga zaidi na wenzake. Saa iliyo mbele tu huponywa kwa kurudisha mishale. Inayokimbia haiponi hivyo hata ukiirudisha kila asubuhi kwa miaka kumi.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema juu ya shule zetu. Sisi walimu tumekuwa mabingwa wa kurudisha mishale.

Mwanafunzi akichelewa Jumatatu, tunamwadhibu. Akichelewa Jumanne, tunamwadhibu tena, na tukimwona amefika mapema Jumatano tunajipongeza kwamba dawa imefanya kazi. Hatumuulizi anakolala. Huenda anatembea kilomita saba alfajiri. Huenda ndiye anayekamua ng'ombe kabla ya kuja, kama walivyo watoto wengi wa mashamba ya Uasin Gishu. Huenda nyumbani kuna mgonjwa. Darasa likianguka hisabati, tunaongeza vipindi vya ziada asubuhi na jioni, badala ya kupekua madaftari tutambue kwamba nusu ya darasa haikuwahi kuelewa sehemu katika darasa la tano. Kidato cha nne kikifanya vibaya, wazazi wanapiga kelele, tunasogeza kijiti: twabadilisha mwalimu, twabadilisha vitabu, twabadilisha sare. Mwaka unaofuata mishale imetangulia tena, nasi twashangaa.

Sisemi kwamba adhabu zote ni bure au kwamba vipindi vya ziada havina faida. Hata fundi wangu mwishowe alikigusa kijiti. Nisemalo ni kwamba alikigusa mwisho, baada ya kuuliza, kupima na kungoja. Sisi tunaanza pale alipomalizia.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema: mwalimu, hizi ni zama za simu za mkononi, simu hurekebishwa na mtandao wenyewe, hakuna haja tena ya saa za kutia ufunguo wala mafundi wake. Kwa upande wa kujua ni saa ngapi, nakubaliana nao. Ijapokuwa simu haimfundishi mtoto chochote kuhusu wakati unavyopimwa. Inarudishiwa mishale na mtu mwingine, mbali, asiyemwona. Isitoshe, mtahiniwa haruhusiwi kuingia na simu katika chumba cha mtihani. Humo hutegemea saa ya ukutani, na saa za ukutani za betri nazo hukosea, hasa betri zikichoka. Ni shule ngapi zinazozikagua saa hizo kabla ya mtihani, zikalinganishwa chumba kwa chumba? Ningependa kila mwalimu anayesoma makala haya ajibu swali hilo kimoyomoyo.

Wa pili watasema: hizo ni hadithi za wazee, na saa kama hizo siku hizi ni mapambo ya matajiri. Nawajibu kwamba katika nyumba nyingi za hapa Eldoret, ukifungua kabati la bibi au sanduku la babu, utaikuta saa ya mkono iliyosimama. Aliinunua alipostaafu, au alipewa na mwajiri, au aliirithi. Haitupwi, kwa sababu ni ya mtu aliyependwa. Haitengenezwi, kwa sababu inasemekana hakuna fundi. Na kweli, meza za mafundi saa zimepungua sana katika mji huu ambao mwezi Agosti mwaka 2024 ulipandishwa hadhi kuwa jiji. Zilizobaki, nyingi ni za kubadilisha betri na mikanda. Wazee waliojua kuinyoosha kamani iliyopinda wanaondoka na ujuzi wao, kwa maana vijana hawakuja kuketi karibu nao.

Wa tatu, nao ndio walimu wenzangu, watasema hawana vifaa. Hoja hii naiheshimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisisitiza masomo ya ufundi, na wazazi wakachangishwa kujenga karakana. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa, na baadhi ya karakana zikawa maghala ya viti vibovu. Sasa tuna mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, na katika sekondari msingi mna somo la utangulizi wa ufundi. Walimu wanaambiwa wafundishe kwa vitendo, nao wanauliza, kwa haki, vitendo hivyo watavifanya kwa kutumia nini.

Jibu langu ni dogo, na halihitaji kamati. Mwanafunzi mmoja alete saa ya kutia ufunguo kutoka nyumbani, kwa ruhusa ya wenyewe, ikiwa bado inakwenda. Darasa liitie ufunguo kila asubuhi saa ile ile, liilinganishe na wakati wa simu ya mwalimu, na kuandika kasoro yake kwa sekunde. Wafanye hivyo kwa siku saba bila kuigusa mishale hata mara moja. Hilo la kutogusa ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mkono wa binadamu huwashwa na kasoro. Mwisho wa juma wachore mchoro. Mstari ukipanda kwa unyoofu, saa inakimbia kwa kiasi kimoja, na huenda kijiti kimesogezwa tu. Ukipanda na kushuka, waichunguze saa inalazwa vipi usiku. Ikiwa kasoro ni dakika nyingi na ilianza ghafla, waisogeze karibu na dira waone kama sindano itatikisika. Ikiwa iliwahi kuanguka, huenda mizunguko ya kamani imepinda ikagusana. Ikiwa iliwahi kutiwa mafuta na fundi wa kubahatisha, huenda mafuta yamefika kwenye kamani na kuinatisha, maana kamani hiyo haitakiwi kupata mafuta kamwe. Katika juma hilo moja watakuwa wamesoma hisabati, fizikia, jiografia na Kiswahili cha ufundi, na watakuwa wamejifunza kungoja.

Kisha mwalimu mkuu amwalike fundi saa mmoja, mzee au kijana, aje na kioo chake cha jicho. Apewe kiti, achemshiwe chai, alipwe chochote kwa siku yake. Wanafunzi wamtazame akiifungua saa ile. Wasiruhusiwe kuifungua wenyewe. Nami nawasihi wanafunzi mnaosoma hapa, msiingize bisibisi ya baba katika saa ya babu. Kamani ile ikishapindwa na mkono usiojua, hata fundi hodari huweza kushindwa kuirudisha. Kujua mpaka wa mkono wako nako ni ufundi.

Yamkini katika darasa la wanafunzi hamsini atapatikana mmoja ambaye macho yake hayatabanduka pale mezani. Huyo asikemewe kwamba anapoteza wakati. Mji wetu umetoa wakimbiaji ambao ulimwengu mzima huwashikia saa. Sioni kwa nini usitoe pia watu wanaojua saa hizo zinavyofanya kazi.

Nirejee nilikoanzia. Jumatatu iliyofuata, saa ikiwa bado kwa fundi na mkono wangu ukiwa mtupu, nilisimama mbele ya darasa nikawaambia wanafunzi yaliyotokea: kwamba saa yangu ilikuwa ikikimbia, kwamba nilijua inakimbia, na kwamba Alhamisi niliwakatia dakika nane. Nilimtaja msichana wa dirishani kwa jina, nikakiri kwamba alisema kweli nami nikamnyamazisha. Darasa lilinong'ona kidogo. Yeye alinitazama, kisha akainamia daftari lake. Lile swali la mwisho nilimpa alilimalize pale pale, akalimaliza, nikampa alama zake. Lakini sote wawili tulijua kwamba katika mtihani wa taifa hapangekuwa na Jumatatu ya kuomba radhi.

Saa ile ninayo hadi leo, nami huilaza juu ya kitambaa kwenye kabati la mbao, mbali na redio, mbali na simu. Hutangulia sekunde chache kwa siku, kwa sababu saa ya kutia ufunguo haina ukamilifu wa malaika. Sekunde hizo nazijua idadi yake, na kila Jumapili jioni huzirudisha. Nimeshajua zinakotoka, ndipo nikawa na haki ya kuzirudisha.

Mwalimu mwenzangu, kesho asubuhi utamkuta langoni mwanafunzi aliyechelewa. Kabla hujainua mkono, muulize kwanza analala wapi.